Wembe wa Kukunja: Nani Ajifunze na Nani Auache

Wembe wa kukunja umeanza kutamaniwa upya. Vijana wanautazama kwenye video za simu, mikononi mwa vinyozi wa Istanbul na London, bapa likipita shavuni mara moja na kuacha ngozi safi. Wengine wameurithi kwa babu. Umelala kabatini ndani ya kiboksi chake na hawajui waufanyeje. Swali lao huwa moja: kuna faida gani mtu wa leo ahangaike kujifunza wembe huo, wakati viwembe vya kutupa vimejaa kila duka la mtaa?

Jibu langu nalitanguliza, ili asiye na nafasi ya kusoma yote aondoke nalo. Wembe wa kukunja unamfaa mtu aliye tayari kujifunza kunoa. Kunyoa kwenyewe si kugumu kama kunavyoogopwa. Mkono wa kawaida wenye subira huzoea ndani ya miezi michache. Kazi kubwa ni kuyatunza makali, na huku kwetu ni vigumu mno kumpata wa kumpelekea kazi hiyo. Ukinunua wembe huu, umejiajiri kuwa mnoaji wake. Ukiikubali ajira hiyo, utapata chombo cha kukuzika nacho. Usipoikubali, ipo njia nyingine ya bei ndogo itakayokupa sehemu kubwa ya faida hizo hizo, nami nitaieleza.

Chombo chenyewe

Wembe wa kukunja ni bapa moja la chuma lililofungwa kwa pini kwenye mpini unaofunguka katikati. Bapa lina mgongo mnene upande mmoja na makali upande wa pili, na kati yake chuma kimechimbwa pande zote mbili hadi kikawa chembamba. Nyembe nyingi za kunyolea ndevu zina upana wa sehemu 5 au 6 kati ya 8 za inchi, yaani kati ya milimita 16 na 19. Unene wa mgongo haukuwekwa kwa ajili ya urembo. Ukilaza wembe juu ya jiwe, mgongo na makali hugusa kwa pamoja, na hapo pembe ya kunoa inajiweka yenyewe. Ndiyo maana mtu asiye fundi wa vyuma anaweza kujifunza kuunoa, ilhali kisu cha jikoni humtaka akisie pembe kwa mkono.

Historia yake imeshikamana na miji miwili ya Ulaya. Sheffield, Uingereza, ulizidi kupata sifa baada ya Benjamin Huntsman, katika miaka ya 1740, kubuni njia ya kuyeyushia chuma ndani ya vyungu vya udongo na kupata chuma kigumu chenye ubora ulio sawa kote. Solingen, Ujerumani, nao ulikuwa mji wa wafua panga na visu kwa karne nyingi, na jina lake limelindwa kwa sheria tangu mwaka 1938: chombo hakiruhusiwi kupigwa chapa ya Solingen kama hakikutengenezwa huko. Kwa anayenunua wembe uliotumika, majina ya miji hii kwenye shina la bapa ni ishara njema, ingawa hayatoshi bila kuukagua wembe wenyewe.

Kilichoutoa wembe huu majumbani ni uvumbuzi wa Mmarekani, King Camp Gillette. Mwaka 1903 kampuni yake iliuza mashine 51 tu za kunyolea pamoja na viwembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilizouzwa zilizidi 90,000. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Marekani liliwagawia askari wake mashine za aina hiyo, nao wakarudi makwao wakiwa wameshazizoea. Tangu hapo mtu hakuhitaji tena kunoa. Makali yakiisha, unatupa kiwembe na kuweka kipya.

Kwetu Afrika Mashariki ilikuja sababu nyingine nzito zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata elimu ya kutochangia vyombo vyenye ncha kali ilienea hadi vijijini. Wembe mmoja wa kinyozi uliokuwa ukipita vichwa vya watu wengi ukawa chombo cha kuogopwa, na haki. Leo vinyozi wengi hukata kwa mashine ya umeme, kisha huchonga kingo kwa kiwembe kipya, mara nyingi kilichovunjwa katikati na kubanwa kwenye kishikio. Kishikio hicho kinafanana kwa umbo na wembe wa kukunja, lakini hakina cha kunoa. Anayetaka tu ule mwonekano na ule mkono wa kinyozi anaweza kuanzia na kuishia hapo, akijua kwamba kiwembe kipya huuma ngozi kwa ukali zaidi kuliko wembe ulionolewa vizuri.

Usiununue kwa sababu ya pesa

Hoja inayotajwa sana ni kwamba wembe huu ukinunuliwa mara moja hudumu maisha yote, kwa hiyo ni nafuu. Sehemu ya kwanza ni kweli. Zipo nyembe za zaidi ya miaka 100 ambazo bado zinanyoa. Lakini unafuu wake ni wa kuhesabia karatasini. Wembe mpya mzuri kutoka Solingen mara nyingi huzidi dola 100, kabla ya nauli na ushuru. Bado hujanunua mkanda wa ngozi wala mawe ya kunolea, na jiwe zuri la kumalizia linaweza kukaribia bei ya wembe wenyewe. Kwa fedha hizo ungenunua mashine ya chuma ya kuwekea kiwembe cha makali mawili, pamoja na viwembe vya kukutosha kwa miaka mingi.

Tahadhari na nyembe za bei chee zinazouzwa mtandaoni kwa picha za kuvutia. Nyingi zimetengenezwa kwa chuma laini kisichoshika makali, au migongo yake imepinda kiasi kwamba hailali sawasawa juu ya jiwe. Mwanafunzi akianza na chombo kama hicho hukwaruzika, akadhani tatizo ni mkono wake, akakata tamaa. Mara nyingi ni afadhali wembe mkongwe wa Sheffield au Solingen ambao bapa lake halina kutu iliyofika kwenye makali, halina ufa, na mgongo wake haujaliwa na mawe. Madoa meusi katikati ya bapa hayana neno. Vitobo vya kutu pembezoni mwa makali ndivyo vya kukimbia, kwa sababu kila ukinoa utavifikia vingine.

Ukimpata muuzaji, mwulize kama wembe uko tayari kunyolea. Nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa na makali ya kukatia karatasi, ambayo hayatoshi kwa uso. Zinahitaji kupitishwa kwenye mawe kwanza na mtu anayejua.

Hoja ya muda nayo isikudanganye. Mwanzoni tenga nusu saa. Ukishazoea utatumia kama dakika 15, pamoja na kuupitisha wembe mkandani na kuukausha. Mtu anayeondoka nyumbani alfajiri kuwahi daladala hataupenda siku za kazi. Wengi waliodumu nao huutumia mwisho wa juma, au usiku kabla ya kulala.

Ichunguze ngozi yako kwanza

Hapa ndipo msomaji wa Kiafrika anapaswa kusimama kidogo, kwa kuwa ushauri mwingi unaotoka Ulaya umeandikwa kwa ajili ya nywele zilizonyooka. Nywele za ndevu zetu wengi hujiviringa. Unywele wa namna hii ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake huota ikipinda, ikaichoma ngozi na kuingia ndani kama mwiba. Mwili hupambana nao, na matokeo yake ni vile vipele vigumu vya shingoni na chini ya kidevu ambavyo wengi hudhani vimeletwa na sabuni mbaya au kiwembe kichafu.

Mashine za kisasa zenye nyembe mbili, tatu hata tano huongeza balaa, kwa sababu wembe wa kwanza huuvuta unywele na unaofuata huukata wakati umevutwa, kisha kisiki hurudi na kuzama ndani ya ngozi. Wembe wa makali mamoja hauna tabia hiyo, na kwa hiyo unaweza kuwa nafuu ya kweli kwa mwenye vipele. Ila nafuu hiyo ina masharti. Nyoa kufuata uelekeo wa nywele tu. Pita mara moja, ukizidi sana mara mbili. Ngozi ikaze kidogo tu ili bapa lisikwame, usiivute hadi ipauke. Usithubutu kunyoa kinyume cha uelekeo wa nywele ili upate ulaini wa shavu la mtoto, maana ulaini huo ndio unaozaa vipele siku tatu baadaye.

Kama tayari una vipele vilivyovimba, usianze mafunzo leo. Acha ndevu ziote kwa wiki nne hivi, au uzipunguze kwa mashine ya umeme ukiacha urefu wa milimita moja au zaidi, hadi ngozi itulie. Vipele vyenye usaha, au makovu yanayoendelea kukua baada ya jeraha kupona, mpelekee daktari wa ngozi. Eneo letu lina wataalamu waliosomea fani hiyo, wengi wao katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi.

Wako pia watu ninaowashauri waziwazi waachane na wembe huu. Mwenye ngozi inayoota makovu manene kila inapokatwa, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye kisukari ambaye vidonda vyake huchelewa kupona, na yeyote ambaye mkono wake hutetemeka, hawana sababu ya kujihatarisha. Mashine ya umeme inawatosha na inawaheshimisha vilevile.

Kunoa, kazi yenyewe

Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyojibu swali la siku nyingi: inakuwaje unywele uharibu chuma kilicho kigumu mara 50 hivi kuliko wenyewe? Walitazama viwembe vikikata nywele ndani ya hadubini yenye nguvu, wakaona kwamba unywele unapopinda na kuyagusa makali kwa mshazari, huyamegua vipande vidogo sana, hasa pale ambapo chuma hakiko sawa kwa ugumu. Kwa hiyo kila unaponyoa, makali yako yanaumia. Mwenye kiwembe cha kutupa halimhusu hilo. Mwenye wembe wa kukunja huyarudisha kwa njia mbili, na ni muhimu kutozichanganya.

Njia ya kwanza ni mkanda, nao hutumika kila mara kabla ya kunyoa. Mkanda mzuri una pande mbili, moja ya kitambaa kizito na nyingine ya ngozi. Ufunge kwenye kitasa au ndoano, uukaze usilegee. Laza wembe bapa, mgongo na makali vyote viguse, kisha uuvute mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuzungusha juu ya mgongo, makali yakitazama juu, halafu urudi. Kosa la kwanza la wanafunzi ni kuugeuza juu ya makali. Pigo moja tu la namna hiyo huukata mkanda na kuyalaza makali. Kosa la pili ni haraka. Safari 20 hadi 30 kwenye kitambaa na 50 hivi kwenye ngozi, kwa mwendo wa polepole usiobonyeza, zinatosha. Kasi itakuja yenyewe bila kuitafuta.

Njia ya pili ni jiwe, nalo hutumika pale mkanda unaposhindwa, yaani wembe unapoanza kuvuta nywele badala ya kuzikata. Kwa anayeupitisha vizuri mkandani, hali hiyo huja baada ya miezi kadhaa. Juu ya jiwe mwendo unageuka: makali ndiyo yanayotangulia, mgongo unafuata, na vyote viwili havinyanyuki hata unywele mmoja. Mawe hupangwa kwa namba za ulaini wa chembe zake. Jiwe la 1,000 hurekebisha makali yaliyoharibika, la 4,000 au 5,000 huondoa mikwaruzo ya la kwanza, la 8,000 huleta makali ya kunyolea, na la 12,000 huyalainisha yasichome ngozi. Mwenye wembe uliokuja ukiwa tayari anahitaji jiwe la kumalizia tu kwa muda mrefu, na hiyo ni sababu nzuri ya kulipa zaidi kidogo kwa wembe ulionolewa na anayejua.

Kuyakagua makali hakuhitaji hadubini. Kaa chini ya taa moja yenye mwanga mkali, ushike wembe makali yakitazama juu, uyaangalie moja kwa moja kutoka juu huku ukiuyumbisha taratibu kulia na kushoto. Makali mazima hayaonekani. Unaona mstari mweusi basi. Penye kinundu au pengo patameta mwanga, kitone cheupe kama cha nukta ya kalamu. Hapo ndipo panapokwaruza shavu, na hapo ndipo jiwe lina kazi. Mwanafunzi anayejua kuusoma mstari huo anajua la kufanya kabla hajajipaka povu.

Na neno moja la kukuepusha na hasara. Usimpelekee wembe wako mnoa visu anayepita mtaani na gurudumu lake la baiskeli. Ni fundi wa heshima kwa mapanga, mikasi na visu vya bucha, ila gurudumu lake ni la chembe nene mno na linatoa joto. Bapa jembamba la wembe likipata joto hilo hupoteza ugumu wake pembezoni, na ugumu huo haurudishwi kwa jiwe lolote. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mwenye wembe huu ajifunze kunoa mwenyewe, au awe na jamaa aliyejifunza.

Siku ya kwanza usoni

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Kinyozi anauona uso wako mzima na mikono yake iko huru. Wewe unajitazama kwenye kioo, kulia kumekuwa kushoto, na mkono mmoja unapita mbele ya macho yako. Ndiyo maana mafunzo yawe ya hatua ndogo.

Anza na maji. Unywele uliolowa vizuri hukatika kwa nguvu ndogo kuliko mkavu, kwa hiyo nyoa baada ya kuoga, au uweke taulo la maji ya moto usoni kwa dakika mbili tatu. Povu litoke kwenye sabuni ya kunyolea kwa burashi, liwe zito na lenye maji ya kutosha. Sabuni ya kuogea hukauka upesi na kuliacha bapa likikwama. Wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wanajua shida ya sabuni kukataa kutoa povu. Dawa yake ni kikombe kimoja cha maji ya mvua au ya kunywa, ya kutengenezea povu peke yake.

Kausha vidole vya mkono unaokaza ngozi, kwa sababu vidole vyenye sabuni huteleza. Wazoefu huvipaka shabu iliyoloweshwa. Hushika vizuri, na shabu hiyo hiyo utaipitisha usoni baada ya kunyoa kuzuia damu kwenye mikwaruzo midogo. Shika wembe kwa vidole vitatu juu ya shina na kidole kidogo kwenye mkia, mpini ukiwa umesimama. Laza bapa shavuni, chini kidogo ya sikio, likiwa limelala kabisa. Sasa nyanyua mgongo kidogo, hadi pembe kati ya bapa na ngozi iwe kama nyuzi 30. Ukinyanyua zaidi utakwaruza ngozi. Ukilaza mno wembe utazivuta nywele. Shuka sentimita mbili au tatu tu, bila kubonyeza, ukiuacha uzito wa bapa ufanye kazi. Utasikia mlio mwembamba wa nywele zinazokatika. Mlio ukikatika ghafla au ukahisi unavutwa, simama, uondoe wembe, uanze upya.

Kanuni isiyovunjwa ni hii: wembe usafiri upande ambao makali yanatazama au kinyume chake, kamwe usiende kwa urefu wa makali, kama msumeno unavyokwenda. Mwendo huo wa msumeno ndio unaochanja, hata kwa mguso mdogo. Pia usipitishe wembe mahali ambapo povu limekwisha, na kama utakuponyoka, uache uanguke. Usijaribu kuudaka.

Wiki za kwanza nyoa mashavu tu, umalizie sehemu nyingine kwa kifaa ulichozoea. Mashavu yakishakuwa mepesi, shuka shingoni, ukikumbuka kwamba nywele za shingo za watu wengi huota kwa uelekeo unaobadilika. Zipapase kwa vidole siku moja kabla ujue zinakoelekea. Kidevu kije baadaye kwa sababu ya mkunjo wake, na mdomo wa juu uwe wa mwisho. Usiruke hatua kwa sababu leo mkono umekuwa mwepesi. Mtoto akililia wembe hupewa umfunze, lakini mtu mzima hana haja ya kufunzwa kwa damu akiwa amekwisha kuelezwa njia.

Kutu na hewa ya pwani

Chuma cha kaboni kinachoshika makali mazuri ndicho hicho hicho kinachopata kutu haraka. Nairobi au Arusha, wembe uliofutwa vizuri unaweza kukaa kabatini bila shida. Mombasa, Tanga, Unguja na miji yote inayopuliziwa hewa ya bahari, usiku mmoja unatosha kuota madoa. Baada ya kunyoa, suuza bapa kwa maji matamu, hasa kama uliyotumia ni ya chumvi, kisha ulikaushe kwa karatasi laini kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, bila kuyavuka. Ufungue mpini nao ukauke. Pitisha mara chache kwenye kitambaa cha mkanda kuondoa unyevu uliobaki, halafu upake tone la mafuta ya cherehani. Usiuhifadhi bafuni, wala kwenye ala ya ngozi iliyofungwa, kwa kuwa ngozi huvuta unyevu na kuugawia wembe.

Wembe hauazimwi

Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu isiyoonekana kwa macho. Wembe wa kukunja hauna kiwembe cha kubadilisha, na kuusafisha nyumbani kwa kiwango cha hospitali ni vigumu. Dawa za klorini hula chuma, na maji yanayochemka huharibu mpini. Spiriti inakufaa wewe kwa wembe wako mwenyewe, isiwe kisingizio cha kumpa ndugu, rafiki wala mwanao. Kijana wako akitaka kujifunza, awe na wake. Wembe wa urithi nao uende kwanza kwenye mawe na usafishwe vyema kabla ya kugusa uso.

Hali ni hiyo hiyo saluni. Kinyozi akikuchonga kingo, kiwembe kifunguliwe mbele ya macho yako. Mahujaji nao, wanaponyoa vichwa Mina kati ya umati, hushauriwa na Wizara ya Afya ya Saudi Arabia watumie nyembe za mtu mmoja zinazotupwa. Kudai hivyo si kumdharau kinyozi. Kinyozi mzuri hufurahi kuulizwa.

Njia ninayokushauri

Usianze na wembe wa kukunja. Nunua mashine ya kuwekea kiwembe kimoja cha makali mawili, burashi na sabuni ya kunyolea, utumie hivyo kwa miezi miwili. Katika muda huo jifunze mambo manne: kuandaa ndevu kwa maji, kutengeneza povu zito, kuujua uelekeo wa nywele zako, na kunyoa bila kubonyeza. Haya manne ndiyo yanayoleta sehemu kubwa ya uso laini na ngozi iliyotulia, na wengi wanaousifia wembe wa kukunja kwa kuwaponya vipele wameponywa zaidi na haya. Kama baada ya miezi miwili uso wako umetulia na roho yako imeridhika, umefika. Huna unachokosa.

Kama bado unautamani, jiulize unachokitamani hasa. Ukikuta ni mwonekano, au sifa za kuwaonyesha wenzako, hamu hiyo itaisha pale wembe utakapoanza kuvuta na hakuna wa kukunolea. Ukikuta unapenda kukaa na kitu kimoja ukakijua, unafurahia kisu cha jikoni kinachokata nyanya bila kuiponda, na hukereki kurudia jambo lile lile hadi mkono ulielewe, basi endelea bila wasiwasi. Nunua vitu kwa mpangilio huu: mkanda wa bei ndogo wa kujifunzia, kwa sababu wa kwanza utaukata, wembe mmoja mzuri, uliotumika au mpya, wenye ncha ya mviringo na uliokwisha kunolewa tayari kwa kunyolea, kisha jiwe moja la kumalizia. Mawe mengine yasubiri hadi uyahitaji. Nyembe za ziada zisubiri zaidi, maana kuzikusanya kumewapoteza wengi waliokuja kujifunza.

Mimi nautumia na nauthamini. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kifaa ninachokitegemea kila juma nakijua kote, najua kwa nini kinakata na kwa nini kinakataa, na kikikataa naweza kukirekebisha mwenyewe mezani kwangu bila kutupa kitu jalalani. Vitu vya namna hiyo vimebaki vichache nyumbani kwetu. Ikiwa furaha ya aina hiyo inakugusa, jitihada ya kujifunza italipa. Ikiwa haikugusi, kiwembe cha duka la mtaa, maji ya moto na mkono usio na haraka vitakunyoa vizuri.